Siku Moja ya Matembezi Kigoma na Ujiji kwa Shilingi 45,000



Tangu turudi bara swali tunaloulizwa ni moja: "Kigoma mlifuata nini?" Wengine wanauliza kwa kunong'ona, maana sifa iliyoifikia Unguja kuhusu Kigoma ni ya waganga. Jamani, hatukufuata mganga. Tulifuata vitenge vya duka letu la ushoni. Tulikwenda wawili, mke na mume, watoto watatu tukamwachia mama mkwe. Baada ya siku mbili za biashara tukajipa siku moja ya kutembea tu. Hiyo ndiyo tunayowahadithia leo, kwa sababu maharusi wengi wanatuandikia kwamba fungate haiwezekani bila hoteli ya kifahari, na wengine wanakopa ili wapige picha.

Sisi fungate hatukwenda. Miaka tisa iliyopita pesa iliyobaki baada ya harusi ilinunua cherehani ya kwanza na kulipa kodi ya miezi mitatu. Mmoja wetu alimaliza kidato cha nne akasomea ushoni, mwingine ni fundi umeme, basi hesabu ya nyumba yetu mnaijua wenyewe. Na hata harusi yenyewe ilichelewa miezi minane kwa sababu ya neno moja. Neno hilo tutalifikia, maana bila ya hilo safari ya Ujiji haielezeki.

Kwanza kanuni yetu: fungu la biashara halichanganywi na fungu la matembezi. Pesa ya vitenge ilikaa kwenye mfuko wake, na ya siku ile tukaihesabu usiku tukiwa chumbani: shilingi 45,000, watu wawili, kutoka chai ya asubuhi mpaka magharibi. Ikiisha, tunarudi kulala. Nyumba ya wageni tulishailipia, ya kawaida tu, maeneo ya Mwanga, yenye feni, choo cha ndani na chandarua kisicho na matundu. Chandarua kikagueni kabla ya kulipa.

Kwenda tulikwenda kwa boti mpaka Dar es Salaam, halafu treni ya kawaida ya Reli ya Kati, usiku mbili njiani. Mgongo unauma, hatuwafichi. Lakini kufika Kigoma kwa treni kuna ladha yake, kwa sababu reli inamalizikia pale. Ukishuka umefika mwisho, mbele ni maji tu. Wajerumani waliifikisha reli hii Kigoma mwaka 1914, na jengo la stesheni ni la enzi zao, kubwa, la ghorofa, limesimama chini kabisa ya barabara kuu ya mji kama vile mji wote unateremka kwenda kulisalimia.

Tukaanzia hapo asubuhi ile baada ya chai. Chapati mbili mbili, maharage na chai ya maziwa, shilingi 5,000 kwa wawili. Kuliangalia jengo kwa nje hakuna malipo. Pembeni yake ni bandari, na bandari hiyo ndiyo nyumbani kwa meli ambayo baba watoto alikuwa akiisoma tangu skuli: MV Liemba. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaungwa tena ufukweni na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani, walipoona vita vinawaelemea, wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza wakapaka injini grisi nzito ili isile kutu. Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Fundi umeme akisikia habari ya injini iliyolala chini ya maji miaka yote hiyo na ikawaka tena, msimtarajie aondoke mapema. Alisimama pale mpaka jua likaanza kuchoma mabega. Bandarini hatukuingia, ni sehemu ya kazi na ina taratibu zake. Tuliangalia kwa juu, kutoka penye mwinuko, ghuba yote ikiwa chini yetu.

Ziwa lenyewe, dada zetu, tusijidanganye kwamba sisi watu wa kisiwani tumeshayaona maji yote. Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina kinachofika mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Nchi nne zinalinywa: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Asubuhi ile hewa ilikuwa safi na milima ya Kongo ikionekana upande wa pili, ya buluu, kama imechorwa kwa chaki. Mtu aliyesimama karibu nasi akatuonyesha kwa kidole: "Kule ng'ambo."

Tukaangaliana. Kwetu Unguja, Ng'ambo ni mitaa ya upande wa pili wa mkondo kutoka Mji Mkongwe, walikokaa mafundi, wachukuzi na watumwa walioachwa huru. Baba watoto amezaliwa huko. Ana Ng'ambo mbili, basi, na moja ndiyo ile inayoonekana pale juu ya maji.

Na hapa ndipo tuliseme lile neno. Posa ilipoletwa, wazee wa upande wa bi harusi waliuliza kama wanavyouliza wazee wote wa Unguja: hawa ni watu wa wapi? Jibu likaja wazi, bila kuficha: upande wa mama ni Wamanyema. Sebuleni palikuwa na kahawa na tende, na kahawa ile ikapoa. Hakuna aliyesema lolote mbele ya wageni. Lililosemwa lilisemwa nyuma ya pazia, kwa sauti ndogo, na mnalijua. Manyema ni nchi iliyo magharibi ya ziwa, Kongo ya leo, na kwa vizazi vingi watu walichukuliwa kutoka huko, wakavushwa ziwa, wakatembezwa mpaka pwani, wakauzwa. Kwetu sisi, jina la nchi ya watu likageuka jina la daraja. Kijana anasali, anafanya kazi, hana deni wala hana sigara, lakini neno ni hilo: asili.

Miezi minane. Kufu, kufu, kufu, kila kikao kufu. Aliyelikata lile jambo alikuwa bibi mmoja wa upande wetu, mtu wa msala na tasbihi, aliyewauliza wajukuu na wanawe kama wanaijua aya ya kumi na tatu ya Suratul Hujurat au waiamshe redio iwasomee. Aya hiyo inasema kwa nini Mwenyezi Mungu ametufanya mataifa na makabila, na ni nani mbora mbele Yake. Kisha akawakumbusha kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alimuoza Zaynab bint Jahsh kwa Zayd, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Baada ya hapo wakatafuta tarehe.

Tukaoana, alhamdulillah. Lakini ndani ya nyumba yetu habari ile ilikaa kama sahani yenye ufa, kila mtu anaizunguka anapotandika meza. Miaka tisa hatukuitaja. Safari ya vitenge ilipotokea, baba watoto ndiye aliyesema, "Siku ya mwisho twende Ujiji." Hakusema kwa nini, na hakuulizwa.

Ujiji iko kama kilomita nane hivi kutoka stesheni ya Kigoma, na ni manispaa moja, Kigoma Ujiji. Daladala inapanda Mwanga, inapita sokoni, inateremka. Shilingi 700 kila mtu. Kadiri unavyoteremka ndivyo unavyoanza kujisikia uko kwetu: nyumba za chini zenye baraza, wazee wa kofia, kina mama wa kanga na mabuibui, mtoto kabeba juzuu kwapani anakimbilia chuoni, minazi michache na miembe mingi. Mawese yasingenukia tungesema tuko Kikwajuni.

Sababu si ya ajabu. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, zaidi ya kilomita elfu moja za kutembea kwa miguu. Pembe za ndovu na watu walishuka kwenda pwani, nguo na shanga na bunduki zikapanda, na pamoja navyo vikapanda Kiswahili, Uislamu, pilau na embe. Miembe mliyoisikia kwenye njia hiyo ilitokana na wasafiri hao. Burton na Speke walipofika Februari 1858, watu wa pwani walikuwa wameshakaa pale na kufanya biashara. Na wakubwa wa biashara ile wengine walikuwa majirani zetu: Hamed bin Muhammed al-Murjebi, mnayemjua kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja, akajitajirisha huko Manyema, akarudi kufia Unguja mwaka 1905. Nyumba yake ipo Shangani mpaka leo. Tumeipita mara ngapi tukienda kununua vifungo? Mlango wake mzuri, watalii wanaupiga picha.

Makumbusho ya Livingstone yapo hapo Ujiji, ndani ya kiwanja chenye miembe. Kiingilio cha raia ni kidogo ukilinganisha na cha wageni wa nje, chukueni vitambulisho. Kiingilio pamoja na bahashishi ya mwongozaji ilitutoka shilingi 9,000. Kuna jiwe la kumbukumbu lenye ramani ya Afrika, mahali ambapo Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alimkuta Dokta Livingstone chini ya mwembe mwaka 1871. Tarehe inayotajwa ni 10 Novemba. Mwembe wenyewe ulikufa zamani. Miwili iliyopo inasemekana ni vizazi vyake. Ndani kuna sanamu mbili za ukubwa wa mtu, Livingstone na Stanley wanavuliana kofia na kusalimiana. Sisi mafundi cherehani tulianza na makoti yao. Mabega hayakukaa.

Mwongozaji alikuwa kijana mwenye heshima, anatuita kaka na dada, na alijua kazi yake. Alisimulia kwamba Livingstone alirudi Ujiji siku zile akiwa amechoka na mgonjwa, baada ya kuona kwa macho yake watu wakiuawa kwenye soko la Nyangwe, huko Manyema, Julai ya mwaka ule. Wauaji walikuwa watu wa misafara ya wafanyabiashara wa kutoka kwetu. Wengi wa watu waliokuwa sokoni asubuhi ile walikuwa kina mama waliokwenda kuuza samaki na vyungu. Hapo hatukuwa na cha kuuliza. Tukasogea.

Tulichomuuliza ni kuhusu wanawake, kwani picha zote ukutani ni za wanaume. Nyumba ile ya Livingstone ilikuwa na mpishi, mwanamke aitwaye Halima. Stanley mwenyewe ameandika habari zake, jinsi alivyohangaika jikoni siku mgeni alipoingia, akitaka kujua atampikia nini. Wanaume wawili wamesimama chini ya mwembe wamekuwa sanamu. Huyu aliyewapikia hana hata kibandiko. Dada zetu, mkienda mtajeni, ili mwongozaji azoee kuulizwa.

Adhuhuri ikatukuta hapo hapo. Ujiji ina misikiti mingi, hutapata shida. Safari yetu Kigoma ilikuwa ya siku tatu, kwa hiyo bado tulikuwa wasafiri, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza. Tulikuwa na mswala mwembamba ndani ya mkoba, tumeushona wenyewe kwa kitambaa cha mvua upande wa chini. Akina dada wanaouliza bei yake, tutaweka siku nyingine.

Chakula cha mchana ndicho kilichokula sehemu kubwa ya pesa, 12,000 kwa wawili, na hatujutii. Ugali wa muhogo na mgebuka uliopikwa kwa mawese. Mgebuka ni samaki mwembamba wa ziwa hili, nyama yake nyeupe, na mawese yanaupa rangi ya chungwa na harufu ambayo ama utaipenda siku ya kwanza ama hutaipenda kabisa. Mmoja wetu aliipenda. Mwingine alikula kwa adabu. Tahadhari ya fundi: mawese yakidondokea nguo nyeupe, msianze kusugua. Sabuni ya vyombo na maji ya moto, halafu anika kwenye jua kali, rangi ile jua linaifuta.

Baada ya kula tukatembea mitaani bila mpango. Kwenye baraza moja kulikuwa na bibi mzee anauza vitumbua, tukanunua vya shilingi 1,000, tukakaribishwa kukaa. Akasikia lafudhi.

"Wanangu mmetoka Unguja?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Huku mna ndugu?"

Baba watoto akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, maneno ambayo hatujawahi kumsikia akiyasema mbele ya mtu baki: "Mimi kwa mama ni Mmanyema, bibi."

Bibi yule hakushtuka, wala hakutuhurumia. Alicheka. "Sasa hapa Ujiji nani si Mmanyema?" Akaanza kutaja nyumba kwa kidole, ile pale Wamanyema, na ile, na huyu muuza mkaa, na imamu aliyepita sasa hivi, na yeye mwenyewe kwa baba. Akatuambia hata Kariakoo, Dar es Salaam, kuna msikiti unaitwa wa Manyema, je, tumeuona? Tumeuona. Basi, akasema, watu wana msikiti mjini, nyinyi mnasema kama mnaungama.

Ni neno lile lile. Herufi zile zile. Unguja lilipozesha kahawa, Ujiji linasemwa na muuza vitumbua huku anageuza chuma jikoni. Tuliondoka pale na vitumbua viwili vya nyongeza, akakataa pesa yake.

Tukashuka mpaka ufukweni. Siku hizi maji yapo mbali kidogo na ule mwembe wa makumbusho, lazima uteremke. Pwani ya Ujiji wanaunda boti za mbao kwa mkono, mbavu zimesimama juu ya mchanga, mafundi wanagonga, watoto wanaoga. Mahali pa kazi, si pa watalii, hakuna viti wala miavuli. Tukatafuta gogo, tukakaa.

Pale ndipo alipoisema yote. Ni habari ya bibi yake mama mkwe, aliyefariki mama mkwe akiwa bado msichana wa chuoni. Yule bibi alichukuliwa Manyema akiwa mtoto mdogo, meno ya utoto hayajamalizika. Unguja soko la watumwa lilishafungwa, Sultani Barghash alitia saini mwaka 1873, lakini njia za bara hazikufungwa siku ile, na majahazi ya kificho yaliendelea. Utumwa wenyewe kisheria Unguja uliondolewa 1897, naye ameshafika na kukua. Alipokuwa mzee hakupenda kusimulia, ila kitu kimoja alikirudia kwa wajukuu: walipovushwa ziwa na kushushwa ng'ambo hii, alidhani wamefika baharini, alidhani safari imekwisha. Wakubwa walikuwa wakisema wanapelekwa baharini. Akainama akanywa, maji hayana chumvi. Mtu akamwambia bado, bahari yenyewe iko mbali, hii ni ya njiani. "Bahari ya kwanza haina chumvi," ndivyo alivyokuwa akisema, na wajukuu wakidhani ni kitendawili. Halafu akatembea. Kilomita zaidi ya elfu moja, mtoto.

Sisi tulikuwa tumelalamikia usiku mbili za treni.

Baba watoto akavua viatu, akakunja suruali, akaingia mpaka vifundoni. Akateka maji kwa kiganja, akaonja, akatema. Akageuka akatikisa kichwa: hakuna chumvi. Akateka tena akaosha uso. Hatukusema kitu kwa muda mrefu. Mafundi walikuwa wanagonga misumari, na mmoja wao akatuuliza kama tunataka kununua boti.

(Kwa watakaokwenda na watoto: ziwa ni zuri lakini lina kichocho sehemu nyingine, na mamba pia. Ulizeni wenyeji kabla ya kuoga.)

Tulimuombea dua yule bibi pale pale, kwa jina lake, ambalo tunaliacha ndani ya nyumba. Tukawaombea na waliokuwa naye wasiofika, ambao majina yao hayakuachiwa mtu. Mmoja wetu alilia, na hakuwa yule mtakayemdhania.

Kuhusu Gombe, najua mtauliza. Hifadhi ile ipo kaskazini ya Kigoma, mnafika kwa boti tu, ndiko Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alikoanza kuwasoma sokwe mwaka 1960. Boti za abiria huondokea Kibirizi na nauli si mbaya, lakini ukiongeza viingilio, mwongozaji na kulala, 45,000 haitoshi hata kidogo. Ni safari ya kuiwekea kibubu chake.

Kibirizi tulikwenda hata hivyo, kwa ajili ya machweo na dagaa. Daladala kurudi mjini, 1,400 kwa wawili, halafu bajaji 3,000. Hapa ndipo dagaa wa Kigoma wanapotua, na wanawake ndio wenye kazi: kupokea, kuosha, kuanika, kupima. Kina mama wa dagaa wa kwetu wangejisikia nyumbani, tena wangecheka, maana dagaa wa Unguja nao wananunuliwa na Wakongo, wanasafirishwa njia yote hii kupita mlangoni kwa dagaa wa Tanganyika. Biashara haina aibu. Dagaa wa hapa huvuliwa usiku kwa taa, usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika. Mkitaka kuona taa, pangeni safari kwa kuangalia mwezi. Na ulizieni pia kama ziwa limefunguliwa, kwani mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane.

Tukapiga simu nyumbani. Watoto wakatuambia wameshasali Magharibi na wanasubiri chakula. Sisi tulikuwa bado na jua, limening'inia juu ya milima ya Kongo, maana Kigoma iko magharibi sana, saa ni moja lakini jua linachelewa kama dakika 40 kuliko Unguja. Anayefunga huko ana kazi! Baba watoto akamuomba mama yake simu. Akamwambia, "Mama, nimeonja. Kweli haina chumvi." Upande wa pili kimya, kimya kirefu mpaka tukadhani salio limekwisha. Kisha mama mkwe akauliza kama kuna upepo, kama milima inaonekana, kama watu wa huko wanasema Kiswahili kizuri. Maswali ya mtu anayeulizia kwao.

Mwaka huu kuna posa nyingine kwenye ukoo wetu, ya binti wa dada yetu, na mchumba kwa mama ni wa huko huko. Wazee wameshaanza kuuliza. Safari hii tumeomba sisi wawili tuwe sebuleni, kahawa ikiwa moto.

Hesabu, kwa wanaopenda hesabu: chai 5,000, daladala na bajaji 5,800, makumbusho na bahashishi 9,000, chakula cha mchana 12,000, vitumbua 1,000, maji na juisi 2,200. Jumla 35,000. Kumi iliyobaki tulimpa mama mmoja wa Kibirizi atupimie dagaa wakavu wa mama mkwe. Alipima, akaongeza kiganja kimoja juu, akafunga mfuko. Wakati anafunga, taa ya kwanza iliwaka ziwani.